Kile kidude cha vimpira vitatu ni cha kuvuta, sio kupuliza

Naanza na hili maana ndio limenifanya niandike: kile kidude cha plastiki chenye vyumba vitatu na vimpira vya rangi, anachopewa mgonjwa wa operesheni awe nacho kitandani, hakipulizwi jamani. Kinavutwa. Unabana mrija kwa midomo, unavuta hewa kuingia ndani, vimpira vinapanda. Kwenye wodi aliyolazwa mama mdogo hapa Dodoma nimeona watu wanapuliza mpaka mishipa ya shingo inasimama, vimpira vimetulia tu chini, alafu mtu anamwambia anayemuuguza kwamba kifaa ni kibovu na kinawekwa chini ya mto hakiguswi tena. Na siwalaumu wagonjwa, mtu katoka kupasuliwa, dawa ya usingizi haijamuisha kichwani, kaelezwa harakaharaka, atashika nini hapo.

Mama mdogo ni wa Kibaigwa, anauza mahindi, mtu wa kusimama juani siku nzima. Alipasuliwa tumbo na mkato wake umeanzia juu, karibu na kifua, na mkato wa huko juu ndio unasumbua mapafu kuliko wa chini ya kitovu kwa sababu uko jirani na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo ambao ndio unafanya kazi kubwa ukivuta pumzi. Mshono unauma, kwaiyo mgonjwa bila hata kujua anaanza kupumua juujuu. Mtu mzima akiwa ametulia anavuta kama nusu lita hivi ya hewa kwa pumzi moja, na kila baada ya muda mwili wenyewe unavuta pumzi moja ndefu ya kushusha moyo, hatuijui hata kama tunaivuta, ila ndio inafungua vile vifuko vidogo vya hewa vilivyoko mwisho kabisa wa mapafu. Viko kama milioni 300. Sasa ukiwa na maumivu, umelala chali, dawa za maumivu zimekulegeza, ile pumzi ndefu haiji. Vifuko vya chini vinasinyaa na kugandana kama mfuko wa plastiki uliolowa, makohozi yanabaki humohumo, na wadudu wakipata nafasi hapo unasikia mgonjwa wa tumbo sasa ana nimonia.

Hiyo ndio kazi ya kile kidude: kumkumbusha mtu avute ile pumzi ndefu. Kinaitwa spairomita ya motisha, wengi wanasema tu mashine ya mazoezi ya kifua.

Fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya mazoezi, aliyemfuata mama mdogo alikuwa kijana mdogo lakini ana subira ya ajabu, akamkalisha wima kwanza, mto mgongoni, akamwambia "Mama, toa pumzi yote taratibu, sasa bana midomo, vuta polepole, usivikimbize." Mama mdogo akavuta kwa nguvu vimpira vyote vitatu vikaruka juu na kudondoka, akatabasamu kwa mara ya kwanza toka apasuliwe. Kijana akamwambia "Hongera mama, ila hapana." Na hapa ndio pa kusoma vizuri. Kwenye vile vyumba kuna namba, mara nyingi 600, 900 na 1200, na hizo ni mililita kwa sekunde, yaani ni mwendo wa hewa, sio kiasi ulichojaza. Ukivirusha vyote vitatu kwa nusu sekunde umeingiza kama mililita 600 tu. Ukiinua kimpira kimoja, kile cha 600, na kukishikilia juu sekunde tatu huku unaendelea kuvuta umeingiza kama mililita 1800, na imeingia taratibu ikafika mpaka chini. Kwaiyo anayeshikilia kimoja anamshinda anayerusha vitatu! Kuna aina nyingine yenye bomba moja pana na kizibo kinachopanda, ile inapima kiasi chenyewe, na pembeni ina kialama cha kuonyesha kama unavuta taratibu inavyotakiwa. Mimi naiona hiyo ni rahisi kueleweka kwa wazee, ukiipata.

Ukishavuta mpaka mwisho unashikilia pumzi sekunde tatu mpaka tano, alafu unaachia. Unapumzika kidogo, unarudia. Maelekezo ya kawaida ni kama pumzi 10 kila saa ukiwa macho. Zisifuatane mbiombio, utapata kizunguzungu na vidole kuwasha. Baada ya hapo ndio unakohoa, na kwenye kukohoa ndio yeye na fizio walikuwa wanagombana, maana mama mdogo aliogopa mshono utaachia. Fizio akachukua kanga akaikunja nene, akamwambia aikumbatie juu ya mshono kwa mikono miwili aibane alafu akohoe. Makohozi yakatoka. Na dawa ya maumivu inywe kwa wakati, tena ukiweza mazoezi yaje muda dawa imeshashika, kwa sababu anayeumia hatavuta hata umpe kifaa cha dhahabu.

Kitu kilichoniuma ni saa ya kuona wagonjwa. Ndugu wanafika na uji wao, wanamkuta amekaa wima anahangaika na mrija, wanaanza, mwacheni apumzike mtu wa watu, mlazeni. Wanasema kwa upendo kabisa. Lakini kulala chali siku nzima ndio kunayafunga yale mapafu. Mpende kwa kumkalisha. Mshike mkono mtembee mpaka mwisho wa korido kama daktari karuhusu.

Tena niseme ukweli kuhusu kifaa chenyewe. Wazo lake lilishika kasi Marekani miaka ya 1970, daktari wa upasuaji Robert Bartlett na wenzake ndio waliosukuma kwamba kinachohitajika ni mgonjwa kuvuta ndani kwa kina, wakati ule wengi walikuwa wanapulizishwa chupa. Tafiti nyingi zilizofuata hazikuonyesha kwamba kidude peke yake kinazuia matatizo ya kifua kuliko kuvuta pumzi ndefu, kukohoa na kuamka kitandani mapema, na mwongozo wa wataalamu wa upumuaji wa Marekani wa 2011 unasema kisitumike peke yake. Mimi hiyo naiona habari njema kwa watu wetu. Kama uko zahanati ya huko Bahi au Mpwapwa ndani na kifaa hakipo, usikate tamaa, pumzi ndefu yenyewe, kushikilia na kukohoa vinafanyika bila senti tano.

Vya kupuliza navyo vipo ila ni kazi nyingine. Hivyo ni vya mtu mwenye makohozi mengi, mfano aliyeachiwa mapafu yenye makovu na TB. Unatoa pumzi kupitia upinzani, njia za hewa zinabaki wazi na hewa inapita nyuma ya makohozi inayasukuma. Kuna kimoja kinafanana na kiko cha tumbaku, ndani kina gololi ya chuma inayorukaruka na kutikisa kifua chote. Cha bei ndogo kabisa ni chupa ya maji yenye maji kina cha sentimita 10 hivi na mpira wa upana wa kama sentimita moja umezama ndani, unapuliza mapovu. Maji yabadilishwe kila siku, chupa iwe na nafasi ya hewa kutoka, na fizio akuonyeshe kwanza. Cha kuvuta wala cha kupuliza visichangiwe na mgonjwa wa kitanda cha pili, kila mtu na chake, mdomo wa mrija unaoshwa na sabuni.

Wazazi wenye watoto wa sikoseli, hili ni lenu kabisa. Utafiti uliotoka Marekani 1995 uliwachukua wagonjwa wa miaka 8 mpaka 21 waliolazwa na maumivu ya kifua au mgongo, kundi moja likavuta pumzi 10 kwa kifaa kila masaa mawili wakiwa macho. Matatizo ya mapafu yakatokea mara 1 kati ya 19 kwa waliovuta, na mara 8 kati ya 19 kwa wasiovuta. Utafiti ni mdogo lakini tofauti hiyo sio ndogo. Mtoto akilazwa na maumivu ya mbavu, muulize daktari kuhusu hicho kifaa siku hiyohiyo.

Ila asivute bila ruhusa mtu ambaye hewa imevujia nje ya pafu na hajawekewa bomba, wala anayekohoa damu. Na ukiona mgonjwa anahema harakaharaka, midomo inabadilika rangi, homa imepanda au kifua kinachoma ghafla upande mmoja, weka kidude chini uite nesi.