Nilivyopata helmeti inayokikaa kichwa changu

Kitu ambacho wengi hatuambiwi tukienda kununua helmeti ya pikipiki ni kwamba vichwa vinatofautiana umbo. Ile saizi iliyoandikwa, sijui 55, 57, 59, ni mzunguko tu, yaani sentimita ngapi ukizungusha tepu. Sasa watu wawili mnaweza mkawa wote na 57, mmoja kichwa duara, mwingine kimeenda nyuma kisogoni, na helmeti ile ile ikamkaa mwenzio vizuri kabisa na kwako ikawa adhabu. Mi changu ni kirefu toka mbele kwenda nyuma na pembeni ni chembamba, na hilo nimekuja kulijua vizuri wakati natafuta helmeti ya kubadilisha ile ya zamani ambayo sponji zake zilikuwa zimeshalala, nikigeuka kulia yenyewe inachelewa kidogo ndo inafuata.

Nilianza na tepu ya fundi cherehani. Unazungusha juu ya nyusi kama sentimita mbili na nusu hivi, unapitisha juu ya masikio mpaka pale kisogo kinapotokeza zaidi, unapima zaidi ya mara moja alafu unachukua namba kubwa. Na hapa wadada naomba mnisikie, pima ukiwa na nywele utakazokuwa nazo barabarani. Nikiwa nimesuka rasta nene namba inapanda, na ukifunga fundo kisogoni ndo kabisa, linaisukuma helmeti mbele mpaka inakukalia kwenye nyusi. Mi niliamua nywele ndo ziifuate helmeti, nasuka zile za kulala, na nikifunga nafunga chini shingoni ambako helmeti haifiki.

Dukani sikuvaa chochote kabla ya kuona lebo. Zile zenye kiwango cha ECE, yaani kile cha usalama kinachotumika Ulaya, zina kilebo kimeshonewa, mara nyingi kwenye mkanda wa kidevuni, kina herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyotoa kibali, E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E3 Italia, E4 Uholanzi. Watu wengi wanaishia hapo kwenye E, ila maneno yenyewe yako kwenye ile namba ndefu inayofuata. Ikianza na 05 ni kiwango cha zamani kidogo, ikianza na 06 ni kile kilichoanza 2021, ambacho helmeti inagongwa kwa spidi tofauti na sehemu nyingi zaidi, na wanapima pia ule mgongano wa mshazari unaokizungusha kichwa. Kisha kuna herufi mwishoni. P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa na inakinga, J ni ile ya uso wazi, P/J ni zile za kufunua kidevu ambazo zimepimwa kotekote, na NP ndo ya kuogopa kwa sababu kidevu unakiona kabisa kipo ila hakijathibitishwa kukinga kitu. Niliikuta moja ya hivo, nzuri hiyo, rangi yake acha tu, nikairudisha kwenye shelfu.

DOT, kile kiwango cha usalama cha Marekani, ni habari nyingine. Pale mtengenezaji anajithibitishia mwenyewe, serikali inakuja baadaye kuzichukua baadhi sokoni na kuzipima. Ndo maana stika ya DOT peke yake hainitoshi, herufi tatu mtu yeyote anazichapisha. Lebo ya kweli, tangu 2013, inatakiwa iwe na jina la mtengenezaji, modeli, na maandishi FMVSS No. 218, ambayo ndo namba ya kanuni yao ya helmeti. Kama ni DOT tupu haina kingine, nabonyeza ndani kwa kidole. Chini ya sponji laini lazima ukutane na povu gumu, mara nyingi jeupe, lile kama linalofungashiwa televisheni mpya, na liwe nene, sentimita mbili na nusu hivi. Hilo povu ndo kazi yote, ukigonga linabonyea polepole ili kichwa kisisimame ghafla, na likishabonyea halirudi, ndo maana helmeti iliyopata ajali haivaliwi tena hata kama nje haina mkwaruzo. Kuna moja niliibonyeza nikakuta kitambaa, kasponji kembamba, alafu plastiki. Nyepesi mno. Muuzaji ananiambia dada hiyo ndo wanaipenda, haichoshi shingo. Sawa haichoshi, nzima ya kufunika uso huwa inakaribia kilo moja na nusu, ile haikufika hata nusu ya hapo, unadhani walichopunguza ni nini?

Kuvaa sasa. Unashika mikanda miwili unaivuta nje, unaingiza kichwa, na kama ni saizi yako inaingia kwa kubishana kidogo. Mashavu yanatakiwa yabanwe mpaka ukitafuna bigijii unajing'ata kwa ndani, hapo usiogope, sponji za mashavu zinalegea kadiri unavyovaa. Alafu shika helmeti kwa mikono miwili ujaribu kuizungusha kushoto kulia huku kichwa umekikaza, ngozi ya paji na mashavu iende nayo, ikiteleza yenyewe juu ya ngozi ni kubwa. Mwisho funga mkanda, vidole viwili vipite chini ya kidevu kwa shida, kisha mwambie mtu aishike kwa nyuma chini kule shingoni avute kwenda juu na mbele kama anaivua. Hili jaribio ndo lililoniondolea helmeti nyingi, zingine zina lebo safi kabisa ya 06 lakini zinachomoka na mkanda umefungwa. Lebo haina msaada kama helmeti imekutangulia kufika chini.

Ya kwanza iliyofaulu yote hayo ilikuwa inanibana mashavu vizuri, haizunguki, haichomoki. Nikaomba nikae nayo pale pale dukani, muuzaji akacheka ila akanipa kiti. Baada ya kama nusu saa nikaanza kusikia maumivu katikati ya paji, sio kichwa kizima, sehemu moja tu, nikaivua nikajiangalia kwenye kioo, kuna alama nyekundu imejichora pale. Muuzaji anasema dada vumilia itajiachia yenyewe. Kwa mashavu angekuwa sahihi. Kwenye paji sponji ni nyembamba, nyuma yake lipo lile povu gumu, na povu halijiachii, wala usije ukadanganywa mtu alikwangue ili upate nafasi, hapo unakuwa unakwangua kinga yenyewe.

Tukapanda saizi moja. Paji likapona, ila pembeni juu ya masikio pakawa panapwaya, nikizungusha inateleza. Hapo ndo ikaniingia kwamba saizi yangu ilikuwa sawa tangu mwanzo, kilichokataa ni umbo, hata ningepanda na kushuka saizi siku nzima nisingetoka pale. Nikaacha kuuliza saizi nikaanza kuuliza modeli, nikawa naigeuza kila helmeti juu chini naangalia tundu lake la ndani limekaa duara au limevutwa kwenda nyuma. Kwa macho unaona tofauti ukiziweka mbili sambamba. Iliyonikaa ilikuwa na tundu refu, saizi ile ile ya tepu, mashavu yakawa yamelegea kidogo tu na hilo lina dawa, modeli nyingi sponji za mashavu zinachomolewa na zinauzwa za unene tofauti, nikawekewa nene zaidi. Nikakaa nayo tena nusu saa, paji halina alama. Navaa miwani pia kwa hiyo niliijaribu nayo, ina mfereji kwenye sponji wa kupitisha miguu ya miwani, bila huo inakukandamiza nyuma ya masikio mpaka unachukia safari. Nikakuta pia ina vitepe vyekundu chini ya mashavu, ukipata ajali waokoaji wanavivuta sponji zinatoka kwanza, helmeti inavuliwa bila kuinyonga shingo.

Kabla ya kulipa nikanyanyua sponji ya ndani kuangalia tarehe ya kutengenezwa, maana wengi wanashauri kubadilisha baada ya miaka 5 hivi na helmeti inaweza ikawa imekaa stoo miaka bila wewe kujua. Kuosha ni sabuni laini na maji, petroli na thina sizisogezi karibu kabisa zinaharibu gamba na povu, na siining'inizi kwenye saitimira ya pikipiki, ile ncha inabonyeza povu kwa ndani. Kioo cheusi cha usoni nilichukua pia ila ni cha mchana tu, usiku narudisha cheupe, na kikianza mikwaruzo ya kutawanya taa za magari nabadilisha kioo chenyewe, helmeti inaendelea.