Siku moja maishani mwangu: kutunza fedha za timu ya riadha ya chuo kikuu Marekani

Saa 12:30 asubuhi. Jumanne ya Aprili, msimu wa uwanjani. Kabla ya barua pepe nafungua karatasi moja: orodha ya watakaosafiri wikendi hii. Katika riadha ya vyuo vya daraja la kwanza la NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo Marekani, orodha hiyo ndiyo bajeti yenyewe. Tuseme chumba cha watu wawili ni dola 150 kwa usiku na posho ya chakula dola 45 kwa siku. Jina moja likiongezwa kwa siku tatu na usiku mbili, kwa nusu ya chumba, tayari ni dola 285, na bado hujagusa basi wala ada ya usajili.

Makocha huongeza majina kwa nia njema. Mimi huuliza swali moja: anafuata nini huko? Ili kufika hatua ya mchujo ya kanda mwezi Mei, mwanariadha lazima awe kati ya 48 bora katika tukio lake, Mashariki au Magharibi. Aliye wa 60 ana sababu nzuri ya kwenda kutafuta mbio za kasi. Aliye wa 300 atapata faida ileile kwenye mashindano ya nyumbani, bila hoteli.

Saa 2:00 asubuhi. Kampuni ya mabasi. Hapa ndipo wageni wa kazi hii hunaswa. Sheria ya shirikisho humruhusu dereva wa abiria kuendesha saa 10 tu, na akishakuwa kazini saa 15 haruhusiwi kushika usukani tena mpaka apumzike saa 8 mfululizo. Sasa fikiria: timu inafika uwanjani saa 1 asubuhi, na mbio za mita 10,000 zinawekwa usiku kwa sababu ya ubaridi. Dereva akisubiri kwenye maegesho siku nzima akiwa zamu, saa zake zinaendelea kuhesabika, na usiku hana ruhusa ya kuwarudisha vijana. Dawa ni kumkodia chumba cha mchana na kumwondoa kabisa kazini kwa saa 8 zile. Chumba kimoja ni nafuu kuliko dereva wa pili, na ni nafuu mno kuliko vyumba 20 vya dharura usiku wa manane.

Pondo, zile fito ndefu za kurukia juu, ni shida ya peke yake. Zina urefu wa mita 4 hadi 5, hazikunjiki, na mashirika mengi ya ndege huzikataa. Huenda na gari dogo lenye fremu juu ya paa, kwa hiyo kuna mafuta ya ziada na kocha mmoja barabarani. Kuazima kwa wenyeji si rahisi: kila upondo umetengenezwa kwa uzito maalumu wa mrukaji.

Saa 4:00 asubuhi. Ufadhili wa masomo. Kwa miaka mingi hesabu ilikuwa ufadhili kamili 12.6 kwa wanaume na 18 kwa wanawake, ukigawanywa vipande vipande kati ya wakimbiaji, warukaji na warushaji. Tangu msimu wa 2025-26, kwa vyuo vilivyojiunga na makubaliano ya kesi ya House, ya wanariadha dhidi ya NCAA, kikomo hicho kimeondoka na badala yake kuna kikomo cha kikosi: wanariadha 45 kila upande. Watu wanadhani sasa kila mmoja kati ya hao 45 atalipiwa. Ruhusa imeongezeka, lakini fedha hazikuja nayo, na zilizopo zinavutwa na mpira wa Kimarekani na mpira wa kikapu.

Kwa vijana wanaotoka Kenya au Tanzania kuna jambo ambalo lazima waelezwe kabla ya kusaini. Ufadhili unaolipa karo na vitabu hautozwi kodi. Ule wa chumba na chakula hutozwa, na mwanafunzi mwenye viza ya F-1 hukatwa 14%. Nchi zetu hizi mbili hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kumpunguzia. Kama chumba na chakula ni dola 16,000, makato ni dola 2,240, na mara nyingi huonekana kama deni kwenye akaunti yake ya chuo, naye anaambiwa hawezi kujisajili muhula ujao. Mzazi Iten aliyeambiwa "kila kitu kimelipwa" ana haki ya kushangaa. Sehemu ya fedha hizo hurudi kwa sababu viwango vya chini vya kodi ni 10% na 12%, ila lazima ajaze fomu 1040-NR, ya ritani ya kodi kwa wageni, akiwa mkononi na fomu 1042-S ya chuo inayoonyesha makato. Wasiojaza huziacha serikalini.

Saa 6:00 mchana. Risiti na bahasha za posho. Kila bahasha ina sahihi. Asiyesafiri, bahasha yake hurudi imefungwa.

Saa 8:00 mchana. Simu ya mfadhili. Mfuko wa kudumu wa dola milioni 1, ukitoa 4% kwa mwaka, ni dola 40,000: pengine ufadhili wa mwanafunzi mmoja. Namwomba asiandike masharti membamba. Fedha zilizotolewa kwa magodoro ya kurukia haziwezi kununua tiketi za ndege.

Saa 11:00 jioni. Usajili wa mashindano unafungwa. Naoanisha majina na orodha ya asubuhi, moja baada ya jingine. Anayejitoa baada ya hapa, ada yake hairudi.

Saa 12:30 jioni. Hesabu za Juni. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na fainali ya taifa ni Juni hiyohiyo. NCAA hugharimia waliofuzu na idadi maalumu ya wasindikizaji. Kocha wa ziada au mtaalamu wa kuchua misuli ni juu yetu, kwa hiyo natenga fungu hilo sasa, kabla Mei haijalila. Kisha natuma orodha ya vyumba hotelini: kesho ndiyo siku ya mwisho ya kurudisha vyumba bila kutozwa, na viwili tunavirudisha.