Mama anauliza kama wadudu wameshakula

Muheza tunajulikana kwa machungwa, na wanaotujua zaidi wanatujua kwa homa. Nimekulia hapo. Nikasomea maabara za tiba, kisha nikakaa miaka mitatu kwenye darubini ya hospitali moja ya wilaya, nahesabu vimelea vya malaria dhidi ya chembe nyeupe 200 za damu, naandika majibu, mgonjwa anatoka nje anawaambia wenzake, "Nina wadudu wawili." Kazi yangu ilikuwa kuwaona. Kuwaua ilikuwa kazi ya dawa mseto.

Sasa niko Baltimore, mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu, na kazi yangu ni kuwalisha.

Sitanii. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, hakubali kuoteshwa kwenye sahani kama bakteria. Anataka chembe nyekundu za damu ya binadamu, joto la nyuzi 37, na hewa yenye oksijeni kidogo, asilimia 5 hivi. Wataalamu walihangaika miaka na miaka kumfuga nje ya mwili mpaka 1976, Trager na Jensen walipofaulu huko New York kwa kuwasha mshumaa ndani ya chombo cha kioo na kukifunika, mwali wenyewe ule oksijeni. Siku hizi tuna mitungi ya gesi. Damu inatoka benki ya damu. Kila siku nawabadilishia maji ya lishe, kila baada ya siku chache nawaongezea damu. Jumapili wanakula. Iddi mosi wanakula.

Neno "kufuga" nililitumia mwenyewe kwenye simu, na nimelijutia. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Yaani umeacha ajira ya serikali ukaenda Marekani kufuga malaria?" Wiki haikuisha, mjomba akaniuliza kama wanauzwa.

Ninaowafuga zaidi wanaitwa 3D7, na historia yao ilinifurahisha nilipoisoma. Ukoo wao ulitolewa kwenye damu ya mgonjwa wa Uholanzi aliyekuwa akiishi karibu na uwanja wa ndege wa Schiphol. Inaaminika mbu alisafiri na ndege kutoka Afrika, akashuka, akamuuma. Wajukuu zao sasa wako maabara za dunia nzima, na jenomu yao, yaani maandishi yote ya urithi wao, ilichapishwa 2002. Hakuna aliyewaomba viza.

Mimi niliombwa. Lakini niseme hili kwa wadogo zangu wanaoniandikia: huku unaweza kuingia uzamivu na shahada ya kwanza tu, bila uzamili, na kwenye sayansi za tiba kwa kawaida karo hulipwa, unapewa bima ya afya na posho ya kuishi. Maombi mengi hufungwa Desemba. Ada ya maombi ni pesa nyingi kwa mtu wa kwetu, ila vyuo vingi husamehe ukiomba. Ombeni, msione haya.

Mwaka wa kwanza huna maabara yako. Unazungushwa kwenye tatu, wiki nane au kumi kila moja, mnachunguzana kama wachumba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa pipeti siku ya kwanza, na nilikuwa nimeshika pipeti za namna hiyo mara chache sana. Wenzangu wa miaka 22 walizichezea kama vijiko. Siku tulipowekewa slaidi ndipo nilipopumua. Rangi ya kutia slaidi ni ileile ya Giemsa, harufu ileile, na wadudu wachanga, pete zile ndogo ndani ya chembe, nilizijua kama herufi za jina langu.

Maabara niliyoipenda zaidi sikuipata. Mwenye maabara aliniambia kwa upole kwamba anategemea ruzuku za mafunzo za serikali, na hizo ni za raia na wenye ukaazi wa kudumu. Mwenye viza ya mwanafunzi hata kuomba haruhusiwi. Nililia kwenye basi. Nikaenda kwa aliyekuwa na fungu, na kusema kweli msimamizi huyu ni mwema kuliko nilivyomtegemea.

Tunachunguza usugu wa wadudu dhidi ya artemisinini, dawa iliyo kiini cha dawa mseto. Mabadiliko ya jeni yanayoleta usugu huo, yaitwayo R561H, yalionekana Rwanda, kisha yakaonekana kwetu Kagera, kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini nisisomee jambo lenye hela, namwonyesha ramani. Jaribio lenyewe linataka wadudu wachanga kabisa, walioingia kwenye chembe ndani ya saa 3 zilizopita. Unawapa dawa kwa muda wa saa 6, unaiosha, na baada ya saa 72 tangu uanze unahesabu waliopona. Shida ni kwamba wadudu hawazaliwi saa za kazi. Mzunguko wao ni saa 48. Kuna sukari inayoua wakubwa na kuwaacha wadogo ili wote waende pamoja, lakini hata ukiwapanga vizuri, chembe zinaweza kuanza kupasuka na kutoa wachanga saa tisa za usiku, na wewe uwe umesimama hapo.

Ndiyo maana nimeijua theluji ya Baltimore kwa miguu, usiku, kofia mpaka machoni. Mwezi uliopita gesi iliisha bila mtu kugundua, nikafungua kabati asubuhi nikakuta wote wamekufa. Miezi miwili ya kazi. Nikampigia Mama, nikamwambia wadudu wangu wamekufa wote. Akasema, "Alhamdulillahi," kisha akakumbuka, akaangua kicheko mpaka simu ikakatika.

Nimewaanzisha upya. Jumamosi hii alinipigia saa nne usiku ya kwao, kwangu saa nane mchana, natoka kuchukua koti. Hakuuliza baridi, hakuuliza nitarudi lini.

"Wameshakula?"

"Ndiyo nakwenda, Mama."

"Haya, nenda. Usiwacheleweshe."