Kinyama changu kilivyopakatwa hadi Dar, na titi likabaki

Watu ninaowaheshimu hapa Uyole, Mbeya, waliniambia uvimbe wa titi ukichomwa sindano tu, saratani inatawanyika. Bado nakasirika nikikumbuka. Titi langu limebaki kwa sababu ya sindano.

Kipimo cha kwanza, cha sindano nyembamba, kilitoa seli tu: ni saratani, basi. Hospitali moja ikataka kuondoa titi wiki ileile. Nikauliza, "Daktari, ni saratani ya aina gani?" Akasema tutajua tukishakata. Nikashukuru, nikaenda kwingine bila kupoteza muda.

Huko wakanipiga ganzi, wakachukua kinyama kwa sindano nene. Saratani ikathibitishwa, lakini kupima vipokezi vya homoni (sehemu za seli zinazoipokea homoni) na HER2 (protini inayoweza kuikuza saratani) hawakuwa na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia. Wakaniambia, "Subiri, mama." Sasa hapa najisifu. Muuguzi alikuwa ameshanidokeza kwamba kinyama kikiandaliwa hugandishwa kwenye kipande cha nta, na kipande hicho hukaa miaka bila kuharibika. Nikaandika barua kukiomba, kikapimwe Dar. Wakanipa, nikasaini, nikakizungushia pamba ndani ya kopo, nikamkabidhi mtoto wa dada yangu aliyekuwa anashuka Dar. Nikamwambia kisikae kwenye buti la basi wala karibu na injini, maana nta na joto havipatani. Baridi ya Uyole isikudanganye. Ukishateremka Kitonga, Ruaha Mbuyuni ni moto mtupu. Kijana alikipakata zaidi ya kilometa 800. Alipofika Morogoro akapiga simu: "Mama mdogo, mgonjwa wako hajambo."

Majibu yakatoka: vipokezi vya homoni vipo, HER2 hasi. Hapo jopo, yaani wataalamu wanaopanga matibabu kwa pamoja, likapata cha kujadili. Alikuwepo daktari wa upasuaji, wa saratani, wa mionzi, wa patholojia (anayepima vinyama), aliyesoma picha, na muuguzi yule. Wakakubaliana nianze na dripu za dawa za saratani uvimbe usinyae, ndipo uvimbe utolewe na titi libaki, halafu mionzi, halafu tamoksifeni, dawa ya kuizuia homoni isiilishe saratani. Dawa hiyo inatumika tangu miaka ya 1970, na bei yake haitishi. Humezwa kila siku kwa miaka 5, wengine hadi 10. Ni kwa wenye vipokezi vya homoni, kwa hiyo usimeze ya jirani.

Dripu na upasuaji vilipita salama. Nywele zimerudi.

Mionzi niliifuata Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar. Nilijipanga kukaa Dar wiki tano, kumbe vipindi 15 vilinitosha, wiki tatu tu. Daktari alinieleza kwamba majaribio ya Uingereza yaitwayo START yalilinganisha 15 na 25, dozi ya kila kipindi ikiongezwa kidogo, na vichache vikafanya kazi vilevile. Kwangu hizo ni wiki mbili za chumba na chakula. Bima ililipa sehemu. Nyingine ilitoka kwenye viazi vya msimu mzima na ng'ombe mmoja.

Kila karatasi omba nakala, na namba ya kinyama iandike kwenye daftari lako mwenyewe. Kama unatoka Njombe, Mafinga au Tunduma, kabla hujakata tiketi piga simu uulize jopo linakaa siku gani, ufike jana yake ukiwa na picha zako zote. Bila picha na majibu ya patholojia, watakuahirisha hadi kikao kingine.