Sweta la mtumba la buku mbili, seti mbili za mtoto: nilivyojifunza kufumua

Mi nafuma kwa mkono, sio kwa mashine. Nilijifunza kwa bibi yangu kule Makete enzi hizo sindano zenyewe ni spoku za baiskeli zimenolewa kwenye jiwe, na mpaka leo ninazo mbili, zimepinda kidogo lakini nazipenda kuliko hizi za dukani. Sa hivi naishi Njombe mjini na aliyewahi kulala huku mwezi wa saba anajua sweta la mtoto huku sio pambo, kuna asubuhi unatoka nje unakuta umande umeganda kwenye majani. Kwa hiyo wateja wapo, seti ya kichanga (sweta, kofia, soksi) nauza 15,000. Shida ilikuwa uzi. Bonge moja la gramu 100 nilikuwa nanunua 4,000, seti inakula mabonge mawili na zaidi kidogo, halafu ule uzi wa dukani ukifuliwa mara tatu unaota vipele, mama wa mtoto anakuja kukuonyesha kama wewe ndo umevipanda.

Wazo la kufumua masweta ya mtumba sikulisoma popote, lilikuja mnadani. Muuzaji anapiga kelele buku mbili buku mbili (yaani shilingi 2,000), nikashika sweta moja la kiume la kijivu, zito, laini, uzi wake ni mzuri kuliko uzi wowote niliowahi kununua, na limetoboka kiwiko ndo maana halina mtu. Nikajisemea hili si uzi tu huu, umekaa kwa umbo la sweta. Nikanunua matatu siku hiyo hiyo kwa tamaa.

Basi bana, yale matatu yote yalinitesa.

La kwanza, la bluu, nilichukua mkasi nikakata pembeni nikaanza kuvuta uzi, unatoka urefu wa dhiraa moja unakatika, navuta tena, unakatika. Nikajua nimelivuta vibaya, kumbe hapana, lile sweta lilishonwa kwa ovaloki, ile mashine ya kuzungushia nyuzi kwenye ukingo uliokatwa. Yaani kiwandani walifuma kitambaa kirefu, wakakikata kama wanavyokata kitenge, halafu wakaunga kwa ovaloki, kwa hiyo kila mstari ulishakatwa huku na huku tangu siku linazaliwa. Nilipata vipande vya uzi fuko zima, nikajazia mto wa kukalia. La pili lilikuwa zuri ila niliona lina harufu ya lile dawa la mende nikasema nilifue kwanza kabla ya kulifumua, nikachemsha maji, nikamwaga omo, nikalisugua kama nafua jinsi. Likatoka limekuwa dogo la kumtosha mwanangu wa darasa la pili na limekaza kama blanketi, hakuna uzi hata mmoja unaoweza kuuvuta. Manyoya ya kondoo ndivyo yalivyo, ukiyapa moto na kuyasugua yanashikana na hayaachii tena milele. La tatu ndo lile la kijivu, hilo nililifumua lote, ila nilianzia chini kwenye ukingo kwa sababu ndo niliona panafaa, na uzi ukawa unanasa kila mstari, kila mstari nasimama nachomoa, siku mbili nzima. Mume wangu akaniuliza hivi hii kazi inakulipa? Sikumjibu.

Sasa nikienda mnadani siangalii rangi kwanza. Naligeuza sweta nje ndani naangalia mshono wa ubavuni. Nikikuta nyuzi nyembamba nyingi zimezungushwa zigizagi kwenye ukingo uliokatwa, hiyo ni ovaloki, narudisha hata kama rangi inaniita. Nikikuta kingo mbili safi ambazo hazijakatwa zimelala pamoja na zimeungwa kwa uzi mmoja uliopita kama mnyororo, hapo sasa ndo penyewe. Ukitanua kidogo ule mshono unaona kama ngazi. Hilo sweta kila kipande chake kilifumwa peke yake kwa umbo lake, mbele, nyuma, mikono, kwa hiyo uzi unapanda kushoto kulia kushoto kulia bila kukatika mpaka begani. Baada ya hapo ndo naangalia lebo, natafuta neno wool au cotton. Lebo ikiwa imekatwa (na nyingi zimekatwa) navuta kauzi kadogo nikifika nyumbani nawasha kiberiti. Kikinuka kama nywele zilizoungua na jivu likasagika vidoleni ni manyoya. Kikiyeyuka kikabaki kidonge kigumu cheusi hiyo ni plastiki, ile wanaita akriliki, nayo naifumua tu maana inafaa kwa kofia za wakubwa, ila najua ninacho nini. Kingine, kwa sababu ni vitu vya kichanga, nalisugulia sweta hapa chini ya kidevu, likiniwasha mimi mtu mzima basi mtoto halimfai, linaenda kuwa soksi za babu.

Kufumua kwenyewe sasa. Kola kwanza, halafu mikono, halafu ubavu, mabega mwisho. Ule uzi wa mnyororo una upande mmoja tu unaoachia, ukishika upande usio wake utavuta mpaka usiku, ukishika upande wake unakata kitanzi kimoja tu kwa ncha ya wembe unavuta, trrrrr, ubavu wote umefunguka kwa sekunde kumi, raha yake siwezi kuieleza. Wembe ushike kwa adabu lakini, mimi nilishawahi kukata uzi wa kitambaa badala ya uzi wa mshono na hapo tayari una fundo. Vipande vikishaachana, kila kipande anzia JUU, begani, pale walipomalizia kufuma. Ukianzia juu uzi unateremka wenyewe kama maji.

Nageuza stuli miguu juu, nazungushia uzi kwenye miguu minne huku navuta, mwanangu anakaa pembeni anashika kitambaa kisiruke. Nikimaliza kipande nafunga kamba ya pamba sehemu nne, nalegeza, nisipofunga ikiingia majini inakuwa kichaka. Uzi wakati huo umejikunja kunja kama tambi za kukaanga na ukiufuma hivyo hivyo sweta linatoka na mabonde, nimejaribu najua. Kwa hiyo natumbukiza kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye shampuu kidogo (ni nywele jamani, manyoya ni nywele), sisugui, sikamui kwa kusokota, nauacha nusu saa, nasuuza kwa maji yenye joto lile lile, nakandamiza kwenye taulo, natundika kwenye kamba kivulini na chini nimening'iniza chupa ndogo ya maji. Sio kizito, kikiwa kizito uzi unavutika unakuwa kama umekufa. Kwa baridi ya huku ni siku mbili mpaka tatu, ukija kuugusa umenyooka na umevimba kidogo, hutajua ulikuwa sweta la mzee gani huko Ulaya.

Mafundo yalikuwa yananikera sana mpaka nikajifunza kuunga bila fundo. Uzi wa manyoya tu, plastiki haikubali. Unachambua ncha mbili zilegee, unazilaza moja juu ya nyingine kama vidole viwili, unalowesha kwa maji ya moto kidogo, unasugua kwenye viganja haraka haraka kama mtu anayesikia baridi, mara thelathini hivi, ncha zinashikana na huoni pa kuungia. Yaani kilekile kilichoniharibia sweta la pili ndo ninakitumia hapa. Kuna wanaotumia mate. Mi ni vya watoto wa watu, natumia maji.

Uzi ukiwa mwembamba sana, na masweta mengi ya mtumba uzi wake ni mwembamba, nachukua mbili au tatu nafuma kwa pamoja. Hapo unaweza kuchanganya rangi, kijivu na bluu zikitembea pamoja zinatoa kitu kama mawingu ya mwezi wa pili.

Napima kwa mangi wa dukani kwenye mzani wake wa sukari, amezoea, akiniona na fuko anatoa kikombe cha mzani mwenyewe. Sweta la kiume zuri linanipa gramu mia nne na kitu baada ya kutoa mafundo na vichwa vya kola. Hapo napata seti mbili na kofia ya ziada. Buku mbili.

Ila uzi huu una tatizo moja, ukiisha umeisha. Huwezi kurudi dukani kusema nipe rangi ile ile. Mwezi wa tano nilikuwa na oda ya sweta la mtoto wa mwaka mmoja, la ule ule uzi wa rangi ya maziwa niliokuwa nimeusifia sana kwa mteja, nikafika mkono wa kushoto, katikati, uzi kwisha. Nimepekua mafuko yote. Nikaweka mstari wa rangi ya udongo vidole vitatu nikamalizia na kipande cha maziwa nilichofumua kwenye kofia, nikampelekea mama yake huku nimeandaa maneno ya kuomba radhi na kupunguza bei. Akaliangalia, akasema dada hapa mkononi ndo umeua kabisa, akalipa yote.

Juzi asubuhi kaja mama mwingine, kamwene, kamwene (ndo salamu ya huku), anasema nataka sweta kama la mtoto wa jirani, lenye mstari mkono mmoja. Nikamuuliza wa kulia au wa kushoto.