Nilivyokilinda kifaa changu cha kufulia nazi, na washauri walionichosha

Kila nikitaja kwamba kifaa changu kina cheti cha KIPI, taasisi ya Kenya inayosajili haki za wabunifu, hakosekani mjuzi wa kuniambia nimepoteza pesa. Eti ningechora mchoro, nikautia kwenye bahasha, nikajitumia mwenyewe kwa rejista na kuiweka bila kuifungua, basi, mhuri wa posta ungekuwa ushahidi tosha. Nimeambiwa hivi na mwalimu, na kinyozi, hata na mtu aliyejiita mwanasheria. Bahasha ile haina kazi. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001, watu wawili wakibuni kitu kimoja kila mtu kivyake, haki ni ya aliyetangulia kuwasilisha ombi. Uwe na bahasha kumi, mwenzio mwenye nambari ya ombi atakupita, na zako utawashia jiko.

Kundi la pili ni la wale waliotaka niende kwenye hakimiliki. Hakimiliki ingelinda mchoro wangu usinakiliwe. Mtu angeutazama, akaenda kuchomelea kifaa kile kile, akakiuza soko la Kongowea, Mombasa, na mimi nikabaki na mchoro wangu mzuri. Halafu wapo wa "kumbuka kikoi!" Jamani, kisa cha kikoi, ile kampuni ya Uingereza iliyotaka kulisajili jina, kilikuwa cha alama ya biashara. Jina ni jina. Mimi nilitaka kulinda namna chuma kinavyofanya kazi.

Kwa wasiojua kazi yenyewe: nazi hufuliwa, yaani huvuliwa makumbi, lile ganda la nyuzi la nje, kwa kifuo, chuma chenye ncha kilichosimamishwa ardhini. Anayejua anamaliza moja kufumba na kufumbua, asiyejua anachana mkono. Mimi ni fundi wa kuchomelea, karakana yangu iko Mtwapa, na bila haya nasema nilitengeneza kitu kizuri. Kina meno mawili yanayozama kwenye makumbi, ukikanyaga wenzo yanapanuka na makumbi yanaachia. Chini ya nazi kuna kibao kilichokaa juu ya springi. Nazi kubwa hukisukuma chini zaidi, ndogo kidogo tu, na kibao hicho ndicho kinachoamua meno yazame kina gani. Kifuu hakipasuki, maji hayamwagiki. Kibao hicho kishikeni akilini, ndicho kilichokuja kuniokoa.

Binamu yangu alitaka akirekodi akirushe mtandaoni siku ile ile kilipofua nazi ya kwanza. Nilimpokonya simu. Sheria yetu inakusamehe kwa miezi 12 kabla ya ombi ikiwa umekianika mwenyewe, lakini Ulaya hawana huruma hiyo, na hujui kesho utataka kuuza wapi. Tatizo ni kwamba sikuwa na mashine ya kukereza, kwa hiyo ilinibidi kazi nyingine niwape mafundi wenzangu. Na fundi ni fundi, ukimpa kitu kizima akikitazama mara moja amekishika.

Nikavigawa. Meno nikampelekea mzee mmoja Changamwe, nikamwambia ni ya mtego wa ngiri, nina ndugu Kwale anasumbuliwa shambani. Kibao kikaenda kwa kijana wa Kisauni kama sehemu ya mizani ya samaki. Wenzo alitengeneza fundi baiskeli, yeye hakuuliza kitu, Mungu ambariki. Siri ilikaa, lakini uongo wangu uliwaingia mafundi vizuri kuliko nilivyotaka. Mzee wa Changamwe alinirudishia meno yenye vindoano vilivyogeukia nyuma. "Hivyo ngiri akishikwa hatoki," akasema kwa fahari, na akakataa malipo ya vile vindoano, ni zawadi. Nikashukuru, nikaenda nyumbani kuvisaga vyote. Yule kijana naye alikuwa amechonga alama za kilo pembeni mwa kibao, 5, 10, 15, kwa mkono safi kabisa. Zile alama zimo hadi leo kwenye kifaa cha kwanza, na wateja huniuliza ni za nini.

Majaribio nilifanyia uani kwa mama mmoja muuza nazi wa Kongowea. Nikampa karatasi ya kutunza siri atie sahihi. Akaisoma yote, akanitazama. "Mwanangu, siri za watu ninazo za kutosha, yako ya chuma nitampa nani?" Akatia sahihi. Nawe usione haya kumtilisha mtu sahihi, hata akiwa shangazi yako.

Sasa, yule wakala niliyemlipa anishughulikie ombi. Alikuwa Nairobi, kadi yake inang'aa, na aliniahidi "hataza ya dunia nzima", hataza ikiwa ile haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze ulichobuni. Hakuna kitu kama hicho. Kuna ombi la kimataifa chini ya mkataba wa PCT, linalokupa kama miezi 30 ya kuamua unataka nchi zipi, lakini kila nchi huamua yenyewe na kila nchi hutaka chake. Ukikutana na wakala, uliza kwanza kama amesajiliwa kufanya kazi hiyo. Mkenya anayeishi hapa anaweza hata kuwasilisha ombi mwenyewe, asiyeishi nchini ndiye analazimika kupitia kwa wakala. Huyu wangu aliandika dai moja, yaani maneno ya kusema unamiliki nini, sentensi moja, nakumbuka neno kwa neno: kifaa cha kufulia nazi chenye meno mawili au zaidi na mkono wa kuyapanua. Akasema dai likiwa pana ndivyo unavyomiliki kila kitu.

Pesa yote iko kwenye madai. Maelezo yanaeleza, michoro inaonyesha, lakini unachomiliki ni kile tu kilichomo kwenye madai. Mkaguzi wa KIPI alijibu kwa adabu na nyaraka za kutoka India. Watu wa Kerala, nao ni watu wa nazi kama sisi, walikuwa na vifaa vya meno na wenzo kitambo. Dai langu pana likafa hapo hapo. Wakala akaacha kupokea simu.

Nilikasirika kwa muda, kisha nikakaa kwenye kompyuta nikasoma nyaraka zile mwenyewe. Patentscope na Espacenet, hazina za mtandaoni za nyaraka za hataza, ni bure, usilipe mtu akutafutie kabla hujajaribu. Ujanja ni huu: usitafute kwa jina la kitu. Kwa Kiingereza kufua nazi kuna majina chungu nzima, utakosa nusu. Tafuta waraka mmoja tu unaofanana na chako, utazame alama ya kundi lake, ile ambayo ofisi za hataza hupangia vifaa vya aina moja. Vifaa vya kumenya na kupasua jamii ya nazi na njugu vimo kwenye A23N 5. Ukiingiza alama hiyo wanakuja wote, Wahindi, Wachina, Wafilipino, kila mtu na chuma chake. Nilipitia usiku kucha michoro ya watu wanaohangaika na nazi, na nikiri, nilifurahi kuliko nilivyofurahi kwenye mpira. Na hakuna hata mmoja niliyemkuta na kibao changu.

Bahati ni kwamba maelezo ya ombi niliyaandika mimi, marefu, yenye kibao, springi, na namna kina kinavyobadilika. Wakala alitaka kuyakata akidai yanachosha, nikakataa kwa ukaidi tu. Ukishawasilisha ombi unaweza kurekebisha madai, lakini huwezi kuongeza kitu ambacho hakikuwemo tangu mwanzo. Kwa hiyo andika yote, hata springi, hata unene wa bati.

Nikaandika dai jipya, la kile kibao. Mkaguzi akakubali ni kipya, ila akawa na shaka kama kuna hatua ya ubunifu hapo, yaani jambo ambalo fundi wa kawaida asingelifikia kirahisi, kwa sababu kila fundi anajua springi. Ningeweza kubishana. Badala yake nikaligeuza ombi la hataza kuwa ombi la cheti cha modeli ya matumizi (utility model), haki ndogo kuliko hataza. Sheria inaruhusu hilo wakati wowote kabla hataza haijatolewa au kukataliwa, unalipa ada, na tarehe yako ya kwanza inabaki. Hapo hawakudai hatua ya ubunifu, kinatosha kiwe kipya na kiweze kutumika viwandani. Ulinzi ni miaka 10 badala ya 20, wala hauongezwi. Wapo wanaoniambia nimekubali cha daraja la pili. Miaka 10 kwa kifaa cha nazi ni mingi, kabla haijaisha nitakuwa nimebuni kingine.

Gharama? Ada za serikali hazikunitisha. Kilichonila ni mchoraji, nauli za Nairobi na wakala yule. Jumla labda bei ya pikipiki iliyotumika. Na usisahau ada za kila mwaka, ukiziacha haki inakwenda.

Cheti kinafanya kazi Kenya tu. Kuna mtu wa Tanga alinipigia akisema atakitengeneza kwao, na hakuna la kumfanya. Ningekuwa nimewahi ndani ya miezi 12 ya kipaumbele, ambayo ukiomba nchi nyingine unabaki na tarehe yako ya kwanza, ningepitia ARIPO, shirika la nchi za Afrika la mali ya ubunifu, ambako ombi moja hutaja nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Lakini pesa hiyo niliiweka kwenye bati na springi.

Wa Malindi ndiye aliyenipa raha. Alinakili kifaa changu chote, kibao na kila kitu. Sikukimbilia mahakamani. Nilimpelekea nakala ya cheti, nikapigia mstari lile dai, nikamwomba tukutane. Alikuja na kaka yake mkubwa, wakaanza na habari za bahasha ya posta, nikacheka hadi wakanyamaza. Tukaandikiana mkataba wa leseni, ukapelekwa KIPI kusajiliwa. Sasa ananilipa kidogo kwa kila kifaa anachouza, kila mwisho wa mwezi, na kila mwisho wa mwezi lazima nimpigie simu kwanza.