Kisukari kimefika machoni? Ipapase miguu

Mgonjwa wa sukari akiambiwa kwamba retina yake, utando wa nyuma ya jicho, imeanza kuvuja damu, hofu yote hukimbilia machoni. Ni haki yake. Lakini mishipa myembamba inayoharibika nyuma ya jicho ina ndugu zake kwenye ngozi.

Tazama muundi. Kuna madoa ya kahawia, ya mviringo, yaliyobonyea kidogo kama kovu la zamani la kuungua. Hayawashi wala hayaumi. Yenyewe hayahitaji dawa, ila mwenye nayo mara nyingi huwa na madhara kwenye macho, figo au neva (mishipa ya fahamu) pia. Kama hajawahi kuwekewa matone ya kupanua mboni na kupimwa macho, asichelewe, kisha arudie kila mwaka. Inasikitisha kuona watu wakiyapaka krimu za kuchubua. Nyingi zina steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe: ngozi huwa nyembamba, na zikipakwa mwili mzima kwa muda mrefu zinaweza kupandisha sukari yenyewe.

Hatari kubwa iko kwenye nyayo. Neva zikifa, mguu hauhisi. Macho yakififia, hauonekani. Na Goma tunakanyaga mawe ya volkano. Kijipande cheusi chenye makali kama chupa iliyovunjika, kikiwa ndani ya kiatu cheusi, hata mwenye macho mazima hakioni. Basi kabla ya kuvaa, pindua kiatu, kigonge, ingiza mkono mpaka mbele kabisa. Asubuhi za baridi, miguu ikae mbali na mbabula, jiko la makaa.

Jioni osha miguu kwa maji ya uvuguvugu, uyapime kwa kiwiko. Usiiloweke: dakika 5 zinatosha, ukizidisha ngozi hukauka na kisigino kikapasuka. Kausha kwa kitambaa cheupe cha pamba, hasa kati ya vidole. Weupe huo una kazi, maana doa la damu au usaha hujitokeza hapo hata kwa macho hafifu. Kisha pitisha mgongo wa mkono juu ya kila unyayo. Penye joto kuliko mguu wa pili, kuna jambo linaanza. Mkono nao ukiwa na ganzi, mtoto au mjukuu akuangalilie. Vazelini ipakwe kisigino na muundi, kamwe si kati ya vidole, ambako unyevu huotesha fangasi. Ukiona ngozi nyeupe inayochanika hapo, tumia krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1, mara 2 kwa siku, na uendelee wiki 2 baada ya dalili kuisha.

Wanaojidunga insulini wana shida nyingine, nayo haisemwi vya kutosha. Asiyeona vizuri hurudia pale kidole kilipopazoea, pakaota kinundu laini kisichouma. Insulini ikiingia humo hufyonzwa ovyo, leo kidogo, kesho nyingi. Wakati wa kuoga papasa tumbo kwa kidole chenye sabuni. Kinundu kiruke, na kila sindano isogee upana wa kidole kutoka ile ya jana. Ila kabla ya kuhamia ngozi isiyo na kinundu muulize daktari kipimo, kwani dozi ya zamani inaweza kuangusha sukari.

Lengelenge lisilouma usilitoboe. Kidonda kioshwe kwa maji safi, kifunikwe kwa gozi safi, kitambaa chepesi cha kufungia vidonda: si majivu, si dawa ya meno, si unga wa kapsuli. Ukisikia harufu, ukaona weusi au uvimbe wa moto unaopanda mguu, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama hakuna maumivu.